KIBANJA CHENYE VYAKULA VINGI NI KINGA YA MTOTO

Ukurasa wa Afya
Na Mganga wa Zahanati, Karagwe

Mkoa wetu wa Kagera hauna sifa ya njaa. Mtu anayesafiri kutoka Kyaka kuja Kayanga huiona migomba imezunguka nyumba, vilimani na mabondeni. Mikungu huoteshwa hapa, huliwa hapa, na mingine hupakiwa kwenye magari kwenda Mwanza na kwingineko. Mgeni atasema: watu hawa wameshiba.

Lakini mizani ya kliniki inasema jambo jingine. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, watoto 34 walikuwa wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula bora na kuugua mara kwa mara. Mkoa wa Kagera ulikuwa juu ya wastani huo wa taifa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu ya taifa imeshuka kufikia watoto 30 kwa 100. Tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto 1 katika kila watoto 3.

Swali ni hili: inakuwaje mtoto adumae katikati ya migomba? Jibu liko katika kibanja. Kibanja cha zamani kilikuwa na vyakula vya aina nyingi. Vibanja vingi vya siku hizi vina mgomba peke yake, au mgomba na kahawa. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati vifaa vya kujijengea. Leo tutaeleza namna ya kukirudisha kibanja kiwe msitu wa chakula, na kwa nini jambo hilo ni la afya kama vile sindano za chanjo zilivyo jambo la afya.

MSITU WA CHAKULA NI KITU GANI?

Tazama msitu wa asili. Hakuna anayeupalilia wala kuutia mbolea, lakini haufi. Miti mirefu iko juu, miti ya kati iko chini yake, vichaka viko chini zaidi, na ardhi imefunikwa na majani. Majani yanaanguka, yanaoza, yanakuwa mbolea. Mvua haipigi udongo moja kwa moja, kwa hiyo udongo hauchukuliwi na maji. Jua nalo haliukaushi upesi.

Msitu wa chakula ni shamba lililopangwa kwa mfano huo, ila mimea yake imechaguliwa na mkulima ili impe chakula, kuni, dawa, majani ya mifugo na fedha. Katika kibanja cha Karagwe ghorofa zake zinaweza kuwa hivi:

Ghorofa ya juu ni miti mirefu: muhumula, mushambya, mutoma, mgrivelia. Hii inatoa kivuli chepesi, mbao, kuni na majani ya kuoza.

Ghorofa ya pili ni miti ya matunda: parachichi, fenesi, embe, mpera, mchungwa.

Ghorofa ya tatu ni migomba, nguzo ya kibanja, pamoja na mipapai.

Ghorofa ya nne ni kahawa.

Ghorofa ya chini ni maharage, mchicha, mnavu, magimbi na viazi. Maboga yanatambaa juu ya ardhi. Viazi vikuu na pasheni vinapanda juu ya miti.

Kila mmea una mahali pake pa kupata jua na mahali pake pa kupeleka mizizi. Ekari moja inakuwa kama nyumba ya ghorofa tano. Kiwanja ni kilekile, lakini wapangaji ni wengi.

WAZEE WETU WALIFANYAJE?

Jambo hili si geni. Wazee wa Karagwe na Bukoba walikuwa na kibanja kando ya nyumba, na nje ya vijiji kulikuwa na mbuga ya majani ambayo Wahaya huiita rweya. Ng'ombe walichunga mbugani mchana na kulala nyumbani usiku. Samadi yao ilitiwa kwenye migomba. Majani ya mbugani yalikatwa, yakabebwa kichwani na kutandazwa kibanjani. Kwa njia hiyo rutuba ya eneo kubwa ililetwa kwenye eneo dogo karibu na nyumba, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana kibanja kizuri kina udongo mweusi na laini kuliko udongo wa mbugani hatua chache tu kutoka hapo. Udongo huo ulitengenezwa na watu.

Tena wazee hawakukataa mimea migeni. Mgomba asili yake ni Asia. Maharage, papai, parachichi, pera na viazi vitamu asili yake ni Amerika. Kahawa ya robusta ndiyo yenye asili ya sehemu zetu hizi za Afrika. Kibanja kilipokea kila mgeni mwenye faida na kumpa mahali pa kukaa.

Je, nini kiliharibika? Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika Karagwe na Afrika ya Mashariki yote, na samadi ikapungua. Baadaye watu waliongezeka, mbuga zikagawanywa na kulimwa, na majani ya kutandaza yakawa haba. Vibanja viligawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vikawa vidogo. Fukusi na minyoo ya mizizi wakaishambulia migomba iliyokuwa imedhoofika. Kisha yakaja mahitaji ya fedha. Mwingine alikata miti ya matunda apate mbao. Mwingine alijaza kibanja migomba ya pombe kwa sababu rubisi inauzwa. Mwingine alipanda mikaratusi mpaka karibu na nyumba. Maharage yakahamishiwa shamba la mbali, na mboga zikasahauliwa.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia ndani ya nyumba.

TUMBO LA MTOTO NI DOGO

Ndizi ni chakula kizuri. Inatia nguvu, ina madini ya potasi, na tumbo hulivumilia. Lakini ina protini kidogo sana. Gramu 100 za ndizi mbichi iliyomenywa zina protini gramu 1 hivi. Tufanye hesabu kidogo.

Mtoto wa mwaka mmoja mwenye uzito wa kilo 10 anahitaji protini gramu 11 hivi kila siku. Akitegemea ndizi peke yake, itabidi ale kilo nzima kwa siku. Tumbo lake haliwezi. Lakini maharage makavu gramu 50, yaani konzi moja, yana gramu 11 hivi za protini. Ukiongeza kwenye ndizi yake maharage yaliyopondwa, na akaendelea kunyonya, umempa vifaa vya kujenga mwili bila kumjaza tumbo kupita kiasi.

Kliniki mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Mama, mtoto alikula nini jana?"

"Ndizi."

"Ndizi na nini?"

"Na chumvi."

Mama huyo si mvivu wala hampuuzi mtoto wake. Amempa alichonacho. Tatizo ni kwamba kibanja chake hakina "na nini".

Mtoto anayekosa vyakula hivyo kwa muda mrefu hudumaa. Akili yake inachelewa, na magonjwa kama kuharisha na vichomi humshinda upesi. Wengine hupata unyafuzi, au kwashiakoo. Wasomaji wazijue dalili zake: miguu yote miwili inavimba, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabanduka, mtoto ananuna na hataki kucheza wala kula. Bonyeza juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba, hesabu polepole, kisha achia. Kikibaki kishimo, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Wengine hukonda mpaka mbavu zikahesabika. Hiyo ni nyongea. Mhudumu wa afya akimpima mkono wa juu mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na kukuta mzunguko wake haufiki sentimeta 11.5, hali ni ya hatari. Mtoto wa namna hii ahitaji matibabu na chakula maalumu cha kituoni kwanza. Kibanja kitamlinda atakaporudi nyumbani.

Wapo wanaosema mtoto wa namna hiyo amebemendwa kwa sababu mama amepata mimba nyingine, au baba ametoka nje ya ndoa. Maneno haya huwafanya wazazi waone aibu, wamfiche mtoto ndani na kupoteza siku za kumwokoa. Kilicho kweli ni kwamba mama anapopata mimba mapema mara nyingi humwachisha mtoto ziwa ghafla, na mtoto hupewa ndizi tupu mahali pa maziwa. Upungufu uko kwenye sahani.

VYAKULA HUSAIDIANA

Katika kisomo cha afya tulizoea kugawa vyakula katika kazi tatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda. Siku hizi wataalamu wa lishe wanagawa kwa makundi mengi zaidi, lakini maana haikubadilika: sahani yenye chakula cha aina moja haitoshi. Na jambo zuri la kibanja mchanganyiko ni kwamba vyakula vyake vinasaidiana mwilini.

Mchicha, majani ya maboga, papai, embe, boga la njano na viazi lishe vya rangi ya chungwa vinatupa vitamini A, inayolinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupigana na magonjwa. Lakini vitamini hiyo huingia mwilini vizuri ikiwa kuna mafuta kidogo. Parachichi na karanga vina mafuta hayo.

Maharage na mboga za majani vina madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Lakini chuma cha mimea huingia kwa shida. Tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na chakula hicho, chuma huingia kwa wingi zaidi. Pera lina vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa la uzito huohuo, na bado mapera mengi yanaoza chini ya miti yetu kwa kudhaniwa kuwa chakula cha watoto watukutu. Chai na kahawa, kwa upande mwingine, huzuia chuma kuingia. Kwa hiyo mama mjamzito na watoto wasinywe chai pamoja na chakula. Wasubiri kama saa moja au mbili. Mjamzito aendelee pia kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

Hiki hapa chakula cha mtoto aliyetimiza miezi 6, kutokana na kibanja. Chemsha ndizi 2 mpaka ziive. Ponda pamoja na vijiko 3 vya maharage yaliyopikwa na kutolewa maganda. Tia kijiko 1 cha karanga zilizosagwa laini, au kipande cha parachichi, na majani machache ya mchicha yaliyopikwa na kukatwa laini sana. Karanga zenye ukungu zitupwe. Kiwe kizito cha kukaa kwenye kijiko, kisiwe maji. Mpe mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mpe mara 3 au 4. Aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Kabla ya miezi 6 asipewe kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama, na dawa ikiwa ameandikiwa.

TUCHUKUE MFANO WA NYUMBA MBILI

Nyumba ya kwanza ina ekari moja na nusu. Yote ni migomba ya pombe na mikaratusi mpakani. Fedha inakuja kwa mkupuo mara chache kwa mwaka, na inaingia katika mfuko wa baba. Mboga inanunuliwa sokoni siku ya gulio, ikiwa fedha ipo. Ardhi iko wazi, mvua za masika zinachukua udongo. Katika miezi ya kiangazi migomba inanyauka.

Nyumba ya pili ina ekari moja tu. Ina migomba ya kupika iliyo mingi, ya kuiva michache, na kahawa katikati. Kuna miparachichi miwili, mipapai mitano, mpera na fenesi. Maboga yametambaa pembeni. Maharage yamepandwa penye mwanga. Mbuzi wawili wako bandani wanakula maganda ya ndizi na majani ya kaliandra, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Kuku wanalala bandani. Fedha inayopatikana kwa mara moja si kubwa, lakini hakuna mwezi ambao nyumba hii inakosa kitu cha kuchuma.

Nyumba ya kwanza inaweza kuwa na fedha nyingi zaidi siku ya mauzo. Lakini mtoto hali siku moja kwa mwaka. Ukiwapima watoto wa nyumba hizi mbili, mizani haitakuwa na upendeleo.

NAMNA YA KUANZA

Hakuna haja ya kung'oa kibanja chote. Anza na kipande kilicho karibu na jiko, maana hapo mama anafika kila siku na maji ya kuoshea vyombo yanapatikana. Fuata hatua hizi.

1. Funika ardhi. Kabla ya mvua za vuli, tandaza majani makavu ya migomba, nyasi na mabua. Acha nafasi ya hatua moja ndogo kuzunguka shina la mgomba, kwa sababu fukusi hupenda kujificha kwenye unyevu wa shina.

2. Panga migomba. Nafasi ya mita 3 kwa mita 3 inatoa migomba 450 hivi kwa ekari. Palipobanana sana, punguza. Shimo liwe la futi 2 kila upande, lenye debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Katika kila shina acha mimea mitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Mingine ing'oe. Hapo mwanga utafika chini na maharage yatazaa.

3. Panda vya haraka kwanza. Mchicha unaliwa baada ya wiki 3 au 4. Maharage yanavunwa baada ya miezi 3 hivi. Palilia kwa mkono au jembe jepesi, kwa kuwa mizizi mingi ya mgomba iko karibu na uso wa ardhi. Ukilima kwa kina unaikata.

4. Wakati huohuo panda vya kati. Papai huanza kuzaa kabla au karibu na kutimiza mwaka. Pasheni nayo ni karibu mwaka mmoja. Ipandishe kwenye mti hai.

5. Panda vya kudumu. Parachichi la kubebesha huzaa baada ya miaka 3 au 4. La mbegu huchukua miaka mingi zaidi. Fenesi na embe nazo zinataka subira. Miti mirefu iwe michache na yenye kivuli chepesi, na matawi ya chini yapogolewe kila mwaka. Mkaratusi usipandwe kibanjani wala kwenye chemchemi. Unanyang'anya mimea mingine maji.

6. Leta mnyama mmoja. Asiye na uwezo wa ng'ombe aanze na mbuzi, sungura au kuku. Yai moja katika chakula cha mtoto ni msaada mkubwa. Panda matete au kaliandra kwenye makingamaji ili mnyama apate majani na udongo usitelemke.

Bwana shamba na bibi shamba wa kata wako tayari kushauri. Hapa Karagwe ulianzishwa na Vi Agroforestry mradi wa kupanda miti pamoja na mazao ulioitwa Emiti Nibwo Bulora, maana yake miti ndiyo uhai. Jina hilo peke yake ni somo.

LINDA MIGOMBA NA MNYAUKO

Msitu wa chakula unaweza kuharibiwa kwa panga moja chafu. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa Tanzania, katika wilaya ya Muleba, kisha ukaenea sehemu nyingine za Kagera. Dalili zake ni majani kuwa manjano na kunyauka, ua dume kusinyaa, ndizi kuiva kabla ya wakati na ndani yake kuwa na rangi ya kahawia. Ukikata shina, hutoka utomvu wa manjano.

Fanya haya. Ondoa ua dume mara chane la mwisho linapotokea, kwa kutumia mti wenye panda, si kisu, kwa kuwa wadudu wanaotembelea ua hilo hubeba ugonjwa. Babua panga kwenye moto au lioshe kwa jiki kabla ya kuhama mgomba mmoja kwenda mwingine. Shina lenye dalili likate chini kabisa mara moja. Usichukue machipukizi kwenye kibanja chenye ugonjwa, hata kama ni ya ndugu yako.

Na hapa tunaona faida nyingine ya mchanganyiko. Nyumba yenye mgomba peke yake ikipigwa na mnyauko, watoto hawana chakula. Nyumba yenye magimbi, viazi, maharage na matunda itaumia, lakini haitalala njaa.

CHOO NA KIBANJA

Jambo hili lazima lisemwe waziwazi. Bado wapo watu, hasa watoto, wanaojisaidia kibanjani. Kivuli, unyevu na joto vinavyopendwa na migomba vinapendwa pia na mabuu ya safura. Mayai ya minyoo hii hutoka katika kinyesi, huanguliwa udongoni, na kwa muda wa wiki moja hivi mabuu huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Yakifika tumboni yanakuwa minyoo inayonyonya damu. Mama anayelima peku kibanjani anaweza kupungukiwa damu hata kama anakula maharage kila siku. Chakula kinaingia kwa mdomo, safura anakitoa kwa upande mwingine.

Kwa hiyo: kila nyumba iwe na choo chenye mfuniko na maji ya kunawa. Vaa viatu au ndala nzito kibanjani. Watoto wapelekwe kupata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi 6. Kwa kawaida kampeni hufanyika mwezi Juni na Desemba.

Wengine watauliza: kinyesi si mbolea? Ni mbolea, lakini kibichi ni sumu. Hapa Karagwe shirika la MAVUNO pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walijaribu njia ya kukausha kinyesi, kukipasha moto mpaka vijidudu vife, kisha kukichanganya na unga wa mkaa, mkojo na takataka za shamba na kuviozesha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba mboji ile iliongeza mavuno ya mahindi katika udongo wetu. Lakini kazi hiyo inataka vifaa na mafunzo. Asiyefundishwa asijaribu kwa kubahatisha. Atumie samadi ya mifugo.

WENZETU WA MBALI

Hatuko peke yetu. Wachagga wa Kilimanjaro wana kihamba, chenye migomba, kahawa, miti na mifugo pamoja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia.

Kando ya Pemba kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Kokota. Miti yake ilikuwa imekatwa karibu yote, na maji ya kunywa yalikuwa ya shida. Wananchi wake, wakisaidiwa na Mbarouk Mussa Omar na wenzake wa Community Forests Pemba, walipanda miti upya na kujenga matangi ya kuvuna maji ya mvua. Pemba kwenyewe wakulima wanapanda karafuu, mdalasini, pilipili manga na matunda katika shamba moja. Watu wa kisiwa hawana mbuga ya kuhamia ardhi ikichoka. Na sisi tufikirie hivyo: mbuga zetu zimekwisha gawanywa, na kila kibanja sasa ni kisiwa.

NANI MWENYE KIBANJA?

Mwisho tuseme neno kwa akina baba. Katika nyumba nyingi baba ndiye anayeamua mgomba gani upandwe, mti gani ukatwe na kahawa iuzwe lini. Mama ndiye anayeulizwa kliniki kwa nini mtoto hakuongezeka uzito. Haya mawili hayaendi pamoja. Mama hawezi kupika maharage ambayo hakupewa mahali pa kuyapanda.

Kwa hiyo baba aende kliniki angalau mara chache kwa mwaka, aione kadi ya mtoto kwa macho yake. Kisha wakae pamoja, baba na mama, na bibi kama yupo, maana yeye anajua mimea ya zamani iliyopotea. Wakubaliane: sehemu hii ya kibanja ni ya sahani ya watoto, haiuzwi na haigeuzwi kuwa migomba ya pombe.

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wazee waliosoma katika vikundi vile wanakumbuka kwamba kazi haikuishia kwenye kusikiliza redio. Walitoka wakachimba vyoo na kulima bustani. Nasi tukimaliza kusoma ukurasa huu tuchukue jembe na mbegu. Mvua za vuli zikianza Septemba zikute mashimo yamechimbwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hesabuni aina za vyakula zilizomo katika kibanja cha kila mmoja wenu. Ni zipi za kujenga mwili? Ni zipi za kuulinda?

2. Taja mimea miwili iliyokuwepo kibanjani wakati wa babu na bibi zenu na sasa haipo. Mbegu zake zinaweza kupatikana wapi?

3. Katika nyumba zenu nani anaamua kitu cha kupanda? Nani anaulizwa mtoto akikonda?

4. Kijiji kitafanya nini ili kila kibanja kiwe na choo na kila panga la kukatia migomba lisafishwe?